Msafiri wa Miguu Katika Mji wa Istanbul

Katika ndugu zetu wa Afrika ya Mashariki wanaosafiri miaka hii, si wachache wanaofika Istanbul. Yuko mwanafunzi aliyepata nafasi ya masomo, yuko mfanyabiashara anayefuata nguo, na yuko mzazi anayekwenda kumwona mwanawe na kuzuru misikiti ya kale. Aghalabu watu hawa hufika huko katika miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba, kwani ndipo vyuo vinapofunguliwa na ndipo joto kali la kiangazi linapopungua. Motokaa hawana, wala haiwafai kuikodi, maana njia za mji wa kale ni nyembamba na msongamano wake ni mkubwa. Huenda kwa miguu, kwa treni, kwa tramu na kwa vivuko. Kwa hivyo kila walicho nacho hukichukua kwa mikono yao wenyewe. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza hapa: namna ya kufunga mizigo na namna ya kununua vitu, ili safari isigeuke kazi ya uchukuzi.

Waturuki huyaita majira haya sonbahar, maana yake majira ya maua ya mwisho. Wakati sisi kwetu twangoja mvua za vuli, kwao majani ya miti hugeuka rangi ya manjano na kahawia, kisha hupukutika. Mwezi wa Septemba joto la mchana ni kama digrii 25. Oktoba hushuka mpaka karibu na 20. Na Novemba huwa kama 15, na usiku ni baridi zaidi. Mvua nayo huzidi kadiri miezi inavyokwenda. Tena upo upepo wa kusini-magharibi uitwao lodos, ambao ukivuma kwa nguvu bahari huchafuka na vivuko husimamishwa. Mtu wa Tanga au Lamu asidhani kuwa digrii 15 ni jambo dogo. Akisimama ufukweni penye upepo, nguo zake zimelowa, ataijua baridi ni nini.

Jambo la saa nalo lataka kufahamika. Tangu mwaka 2016 Uturuki haibadili tena saa zake kwa kufuata majira, na saa ya Istanbul ni sawasawa na ya Nairobi na Dar es Salaam mwaka mzima. Lakini jua la huko halifuati desturi ya kwetu. Mwisho wa Septemba huchwa karibu na saa 1 ya usiku; mwisho wa Oktoba huchwa karibu na saa 12 ya jioni; na mwisho wa Novemba huchwa kama saa 11 na dakika 40. Basi Adhuhuri, Alasiri na Magharibi hukaribiana sana, na mtu aliyeelemewa na mizigo sokoni huweza kuisikia adhana ya Magharibi naye hajasali Alasiri.

Uwanja mkubwa wa ndege uko mbali na mji. Mabasi yapo, na tangu 2023 ipo pia treni ya kutoka uwanjani, ambayo mwaka 2024 ilifikishwa mpaka Gayrettepe, mahali ambapo msafiri hubadili treni na kuelekea mji wa kale. Humo mjini tramu ya T1 hupita Eminönü, Sultanahmet na Beyazıt. Treni ya Marmaray, iliyofunguliwa mwaka 2013, hupita chini ya bahari baina ya Sirkeci na Üsküdar, nayo ndiyo tegemeo siku ya lodos. Vyombo hivi hupandwa kwa kadi moja iitwayo Istanbulkart, ambayo hununuliwa na kujazwa fedha katika mashine za vituoni. Usafiri wenyewe ni mzuri. Lakini una ngazi, una vizuizi vyembamba vya kupitia, na una watu wengi asubuhi na jioni. Na mji wenyewe umejengwa juu ya vilima, na vichochoro vingi vimetandikwa mawe, ambayo huvunja magurudumu ya sanduku upesi.

Basi twampa msafiri kipimo kimoja kabla ya kuondoka nyumbani, nacho tumekiita kipimo cha ngazi. Akisha kufunga sanduku lake, alichukue kwa mkono mmoja, apande nalo ngazi mpaka ghorofa ya pili, kisha ateremke, asipumzike njiani. Akiweza, amefunga sawa. Akishindwa, alifungue apunguze. Mkono wa pili lazima ubaki mtupu, kwani ndio wa kushika kadi, ndio wa kushika mtoto, na ndio wa kumshika mzee anapoteremka katika kivuko.

Ama nguo, siri yake ni kuvaa nyembamba nyingi, wala si nzito moja. Fulana, juu yake shati au kanzu, juu yake sweta, na juu ya vyote koti jepesi lisilopitisha maji. Mchana jua likitoka mtu huvua moja, jioni huirudisha. Koti zito la manyoya hujaza sanduku zima, na mwezi wa Oktoba halina kazi. Sweta na koti jema havina haja ya kununuliwa vipya: masoko yetu ya mitumba, kama Gikomba ya Nairobi na Kongowea ya Mombasa, yana vitu hivyo tele, kwa kuwa vyatoka katika nchi za baridi zenyewe. Koti la mvua lenye kofia ni bora kuliko mwavuli, maana lodos huupindua mwavuli na kuuvunja mbavu.

Viatu vitoshe jozi moja ya kutembelea na ndara za nyumbani. Viatu vya kutembelea visiwe vipya. Vivaliwe wiki mbili tatu kabla ya safari mpaka vizoee mguu, maana msafiri wa huko hutembea kutwa nzima. Dada zetu na wachague buibui lisilofagia chini, kwa sababu ya matope na kwa sababu ngazi za umeme za vituoni hunasa nguo ndefu. Kikoi kimoja kisisahauliwe: ni taulo, ni shuka, na ni mswala. Umeme wa Uturuki hutumia plagi ya vijiti viwili vya mviringo, hali ya kwetu ni vitatu vya bapa, kwa hivyo yafaa kununua adapta hapa nyumbani. Dawa za mgonjwa na cheti cha daktari vikae katika mkoba wa mkononi, pamoja na betri ya akiba ya simu, ambayo haikubaliwi katika mizigo ya chini ya ndege. Na mwisho, mkoba mmoja mtupu wa kitambaa ukunjwe chini kabisa ya sanduku. Huo ndio wa zawadi za kurudi nazo.

Tuongeze jambo la udhu. Misikiti mingi ya kale ina mabomba ya kutawadhia nje, ukutani, na maji ya Novemba ni baridi. Mwenye khuffu, yaani soksi za ngozi zinazofunika vifundo vya miguu, akizivaa baada ya udhu uliotimia, ameruhusiwa kupangusa juu yake pasipo kuosha miguu. Msafiri ana siku 3 na usiku wake, na mkazi ana siku 1 na usiku wake. Lakini kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mtu aliyenuia kukaa mahali siku 4 kamili, isipokuwa siku ya kuingia na ya kutoka, si msafiri tena, na huhesabu siku 1. Waturuki huziita mest, nazo huuzwa karibu na misikiti. Ni nyepesi, na mtu mzima atazishukuru.

Sasa tuje kwenye kununua, maana hapo ndipo safari nyingi huharibika. Katika msafara wetu alikuwamo mama mmoja mtu mzima ambaye nia yake kubwa, tangu kutoka nyumbani, ilikuwa kusali jamaa katika msikiti wa Süleymaniye, uliojengwa na Mimar Sinan baina ya 1550 na 1557. Siku ya pili tu alinunua bilauri za chai na zulia, kwa kuwa jamaa zake walimwagiza. Sisi wanaume tulikwisha kutangulia msikitini. Yeye alipokwea kilima mvua ilikuwa ikinyesha, zulia limelowa, bilauri hazitaki kutikiswa, na Alasiri imekwisha kukimiwa. Hakuona vema kuingiza maji na matope katika nyumba ya ibada, wala kuacha nje mali ya watu. Tulipotoka tulimkuta amekaa uani, analinda mzigo. Tukamshikia, akaingia akasali peke yake. Kesho yake homa ikamshika, na siku iliyofuata ilikuwa ya kurudi. Hakulalamika, alisema tu kwamba walioagiza, lau wangaliona, wasingaliagiza.

Wazee walisema kweli kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa hivyo twausia kwamba siku za kwanza zote ziwe za mikono mitupu: za kuzuru, kusali, kuona na kuuliza bei. Kununua kuachwe mpaka siku moja kabla ya kuondoka. Lakini siku hiyo na itazamwe katika kalenda, kwani Kapalıçarşı, lile soko kubwa lenye paa, hufungwa Jumapili. Na 29 Oktoba ni sikukuu ya Jamhuri iliyoasisiwa mwaka 1923.

Njia ya soko nayo ina hekima yake. Panda tramu kutoka Eminönü mpaka Beyazıt ukiwa mtupu, maana huko ni juu. Hapo karibu na msikiti wa Beyazıt pana soko la vitabu la Sahaflar. Lakini vitabu ni vizito, basi nunua kimoja unachokihitaji. Ingia Kapalıçarşı, soko lililoanzishwa na Sultani Mehmed baada ya kuuteka mji mwaka 1453, nalo lina maduka yapatayo 4,000. Tazama, patana bei kwa adabu, wala usione haya kuondoka. Kisha toka uteremke kwa njia ya Mahmutpaşa, ambako wenyeji wenyewe hununua nguo kwa bei nafuu. Kwa namna hiyo mzigo huzidi wakati njia inateremka, nawe watokea tena Eminönü, penye Mısır Çarşısı, yaani Soko la Misri. Soko hili lilijengwa katika miaka ya 1660 pamoja na msikiti mpya ulio kando yake, na kodi ya maduka ikawa ya kuutunza msikiti na huduma zake. Sisi wa pwani twaijua desturi hiyo ya wakfu.

Katika soko hilo mna viungo, halua na matunda makavu. Tini kavu za mavuno mapya huingia katika majira haya, nazo ni nyepesi, hazivunjiki, na kila nyumba huzifurahia. Jihadhari na zafarani ya bei rahisi: mara nyingi si zafarani, ni maua ya mmea mwingine yanayofanana nayo kwa rangi. Asali na mafuta vifungwe vizuri na viwekwe katika sanduku la chini ya ndege, maana mkononi hairuhusiwi chupa ya kimiminika inayozidi mililita 100.

Baki ya maneno yetu ni kwa nyie mnaobaki nyumbani. Mtu akiwaaga, msimpe orodha ya vitu. Akijitolea mwenyewe kuwachukulia, mpeni fedha taslimu kabla hajaondoka, mchague kitu chepesi kisichovunjika, wala msimtie katika deni kwa kumwonea haya. Nawe msafiri, ukiagizwa usichokiweza, sema huwezi siku hiyo hiyo. Waturuki mahali pa kuwekea mizigo hupaita emanet, na neno hilo ni lile lile letu la amana. Ukiupokea mzigo wa mtu umepokea amana yake, na utaulizwa.

Mwenyezi Mungu awape wasafiri wetu afya na wepesi, awarejeshe kwa watu wao salama, na azikubali sala zao. Amin.