"Hilo ni la Watoto, Kaka"

Muuzaji aliniambia hivyo kabla hata sijaligusa. Ilikuwa Kariakoo, Jumamosi mchana, jua linaunguza, na mfukoni nina laki tano ambazo nisingependa kueleza nilizipataje kwa mshahara wa mwandishi wa habari. Nikamwambia sawa, nitolee hilohilo la watoto. Akalitoa kwa shingo upande.

Sasa wadau, sikuwa najitafutia mimi. Mimi napiga gitaa la kawaida, tena vibaya. Nilikuwa namtafutia Mzee.

Baba alipiga besi kwenye bendi moja ya dansi Morogoro, mwishoni mwa miaka ya 70 mpaka katikati ya 80. Bendi ikafa kama zilivyokufa nyingi. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi, kwa hiyo Mzee akaondoka mikono mitupu, na nyimbo nne kichwani ambazo hazikuwahi kurekodiwa popote. Katunga mwenyewe. Nimezisikia tangu utotoni, anazipiga kwa mdomo wakati ananyoa ndevu. Mwaka jana nikagundua ameanza kusahau maneno. Ndipo nikasema basi, tunarekodi, chumbani kwangu, kwa kompyuta.

Tatizo likawa vidole. Mkono wake wa kushoto una baridi yabisi. Rafiki yangu alituazima besi yake, nzuri tu, ya ukubwa wa kawaida. Mzee akajaribu kama dakika kumi, akaiweka chini taratibu, akasema ana usingizi. Saa nne asubuhi!

Usiku ule nikaanza kusoma mambo ya besi fupi. Ngoja nieleze kwa wasiojua. Kwenye besi ya kawaida, uzi kutoka nati (kile kipande kilicho chini ya kichwa cha gitaa) mpaka kwenye daraja una inchi 34. Kipimo hicho kilienea baada ya Leo Fender kutoa besi yake ya Precision mwaka 1951. Besi fupi ina inchi 30 hivi. Unaweza kusema inchi nne ni nini bwana? Kwenye besi ndefu, freti ya kwanza iko kama sentimeta 4.8 kutoka nati. Kwenye fupi ni 4.3. Kila hatua inapungua kwa kiwango hichohicho, na kidole kidogo kisichonyooka vizuri kinaiona hiyo nusu sentimeta kama wewe unavyoona kilometa. La pili ndilo lililonishawishi zaidi. Uzi uleule, ukiukaza kufikia noti ileile kwenye gitaa fupi, mkazo wake unapungua kwa takriban asilimia 22. Yaani kidole kinabonyeza bila kupigana.

Kuhusu hilo la watoto, muuzaji hakulitoa hewani. Fender wenyewe walipotoa Mustang Bass yenye inchi 30 mwaka 1966, iliungana na ukoo wa magitaa waliyokuwa wakiyauza kwa wanafunzi. Lakini Paul McCartney alikuwa ameshanunua Höfner yake, ile yenye umbo la fidla, mjini Hamburg mwaka 1961, na nyimbo za mwanzo za Beatles zimejaa sauti ya besi fupi. (Ile ya 1961 iliibwa mwaka 1972, na habari za kupatikana kwake zikatangazwa mwaka 2024. Hakuna aliyehangaika miaka 50 kwa ajili ya mdoli.) Jack Bruce wa Cream naye alipiga Gibson EB-3, fupi pia.

Turudi Kariakoo. Nilikwenda na tepu ya fundi cherehani, watu wakanicheka. Nilipima matatu. La kwanza lilikuwa na inchi 28 na ushee, raha tupu mkononi, lakini uzi wa E ulikuwa umelegea mno, ukiupiga unatikisika kama kamba ya kuanikia nguo. La pili lilikuwa na umbo la fidla, zuri kwa macho, nikakaribia kulipenda. Nikawasha programu ya kutyuni kwenye simu, nikapiga uzi mtupu, kisha nikabonyeza freti ya 12. Noti inatakiwa iwe ileile, juu kwa oktavu moja. Ikapanda kupita kiasi kwenye nyuzi zote nne. Jukwaani watu wanacheza na bia ipo, husikii. Kwenye rekodi utasikia mpaka unazeeka.

La tatu ndilo hilo la watoto. Inchi 30, gogo zima la mbao, limechubuka, lina pikapu moja tu (pikapu ya gitaa jamani, si gari). Freti ya 12 ikasoma sawa. Nikalichomeka kwenye emplifaya, nikakaa kimya bila kupiga kitu. Halikuunguruma. Laki nne na ishirini, nikaondoka.

Mzee alilishika kama mtu aliyeletewa mjukuu. Hakusinzia.

Lakini rekodi ya kwanza ilikuwa balaa. Kila anapoupiga ule uzi wa E, noti inaanza juu kisha inashuka mahali pake, kama mtu anayejikwaa mlangoni. Nikadhani nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kumbe ni mkono wa kulia. Mzee amejifunza kupiga kwenye kumbi, emplifaya dogo, saksafoni zinapiga kelele nyuma yako. Usipovuta uzi kwa nguvu husikiki. Uzi ukiwa haujakazwa sana, ukiuvuta hivyo unapanda. Nikamwambia, baba, piga taratibu, mashine itakuza sauti yenyewe. Akaniangalia. "Nikipiga taratibu si mimi."

Nilinyamaza, maana alikuwa sahihi. Sikuwa natafuta rekodi ya mzee fulani mpole.

Dawa ikawa nyuzi. Uzi mnene zaidi unahitaji mkazo zaidi kufika noti ileile, na kwenye gitaa fupi nafasi hiyo unayo. Nyuzi za besi fupi sikuzipata mjini, nikanunua za ndefu nikidhani nitakata tu. Tahadhari kwa mtakaoiga: pinda uzi kwanza kwenye ufunguo, ndipo ukate. Mimi nilikata kwanza, mzingo wa juu ukafunguka, uzi ukafa, sauti kama ndoo. Seti nzima ikaenda na maji. Jamaa mmoja aliyekuwa anatoka Nairobi akanibebea za kufaa, zile laini zisizo na mikwaruzo, na E nene kidogo. Vidole havikulalamika. Noti ikatulia.

Kingine nilichojifunza: nyuzi hizo kwenye besi fupi zinatoa sauti nene ya mviringo, tamu kwenye hedifoni, halafu kwenye spika ya simu inapotea kabisa. E mtupu ni kama hezi 41, simu haina ubavu huo. Kwa hiyo nikarekodi njia mbili kwa mpigo: waya moja kwa moja kwenye kompyuta, na maikrofoni moja karibu na vidole vyake kunasa ule mgongano wa kucha na uzi. Inaingia na pumzi zake. Nimeziacha.

Nyimbo tatu zimekamilika. Ya nne besi ipo yote, mwanzo mpaka mwisho, hajakosea hata mara moja. Ila ubeti wa pili haukumbuki. Kuna mwimbaji mmoja waliyekuwa naye, nasikia yuko Kilosa. Jumapili tunapanda basi.