Springi za valvu kwa kamshafti kubwa

Sisi mafundi wa pikipiki hapa kambini tuliletewa injini yenye kamshafti mpya, inayonyanyua valvu juu zaidi. Springi zilikuwa zilezile za zamani. Pikipiki hiyo ndiyo inalisha watoto watano, basi tukakataa kuifunga hivyo. Kwenye mwendo mkali springi laini haiwahi kuirudisha valvu. Pistoni ikiigonga, injini kwisha. Tukatafuta ngumu zaidi, lakini siyo kupita kiasi, maana ngumu mno inakula kamshafti. Tukapima urefu wa springi ikiwa mahali pake, tukatoa kimo cha kunyanyuka. Kinachobaki kizidi springi iliyobanwa hadi mwisho, kwa milimita 1.5 hivi. Halafu tukazungusha injini kwa mkono, polepole, mizunguko miwili kamili. Wenye pikipiki, hapo msituharakishe jamani!