Pete Nyeusi

Redio ilipoanza kukwaruza, mjomba hakukimbilia bisibisi. Kwanza alizima tyubulaiti iliyoning'inia juu ya meza. Ilikuwa mwaka 1986, kibandani kwake Ngamiani, Tanga, nami nikijifunza ufundi. Taa ilipozimika, Radio Tanzania kwenye masafa ya kati ikawa shwari.

"Umeona, mpwa wangu?" aliniambia. "Redio ni nzima. Mgonjwa ni waya, taa imeuambukiza."

Enzi hizo wenye kelele tuliwajua: tyubulaiti, mota ya cherehani, mashine ya kusaga. Redio yenyewe ilikuwa na transfoma nzito ya chuma, iliyoshusha volti 230 kwa mwendo uleule wa mizunguko 50 kwa sekunde. Haikumsumbua jirani.

Miaka ya 1990 zikaanza kuletwa kompyuta kibandani. Ndani yake transfoma kubwa haipo. Umeme hukatwakatwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na ndiyo sababu ya wepesi wake. Lakini kila mkato huzaa mikwaruzo inayorudi ukutani, na nyaya za nyumba nzima zikageuka antena. Dawa yake niliikuta pale umeme unapoingilia: pete nyeusi ya feraiti iliyozungushiwa nyaya mbili. Umeme unaokwenda na unaorudi huzaa sumaku mbili zinazofutana, basi hupita. Kelele inayosafiri upande mmoja katika nyaya zote mbili haifutani, basi hukwama. Kapasita moja huunganisha waya wa moto na nyutro, na nyingine mbili ndogo huipeleka kelele ardhini.

Hizo mbili ndizo zilizonisomesha. Mteja alilalamika kwamba bati la kompyuta yake linamtekenya vidole. Nilitafuta waya uliochubuka, nikakosa. Kumbe soketi yake haikuwa na waya wa ardhi. Kapasita zilikosa pa kuimwaga kelele, bati likabaki na karibu nusu ya volti za ukutani. Kuna mafundi ambao wangezikata. Mimi nilivuta waya wa ardhi, mtekenyo ukaisha.

Kisha zikaja chaja na balbu za LED za bei ya chini, nazo zikiukatakata umeme vilevile. Nikizifungua, mara nyingi nakuta nafasi ya pete imechorwa kwenye bodi, matundu yametobolewa, ila palipopaswa kuwa na pete pamechomelewa vipande viwili vya waya. Balbu inawaka, mwenyewe ameridhika. Anayeumia ni mzee wa nyumba ya pili aliyetega sikio kusubiri taarifa ya habari.

Ndiyo maana pete za vifaa vilivyokufa sizitupi. Ninazo kopo zima. Nikikuta vile vipande vya waya na nafasi inatosha, navitoa na kuirudisha pete. Kapasita ya hapo nabadilisha kwa yenye alama ya X au Y tu, kulingana na ile iliyokuwepo, kwa sababu hizo zimeundwa zisimuue mtu zikiharibika. Halafu nawasha redio ndogo ya betri, naisogeza karibu na kifaa, nasikiliza. Ikitulia, namwita mteja.