Mtoto Amehama, Shule Imebaki

Sisi tuliosoma shule za msingi katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 tunakumbuka magongo. Haikuwa ajabu shule kuwa na mtoto mmoja au wawili waliopooza mguu kwa polio, na kwa wengi wetu hao ndio waliokuwa sura nzima ya ulemavu shuleni. Walisamehewa mchakamchaka, wakapewa kazi nyepesi siku za shamba, na darasani wakaketi na wenzao wakisoma yaleyale, maana ubao waliuona na mwalimu walimsikia. Shule iliwapokea bila shida kwa kuwa hawakuitaka ibadili chochote katika ufundishaji wake. Mtoto asiyeona, mtoto kiziwi na mtoto mwenye ulemavu wa akili hawakuwapo, na hakuna aliyeuliza wako wapi. Baadaye chanjo ikafanya kazi yake. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini Tanzania aliripotiwa mwaka 1996, magongo yakapungua viwanjani, na yaliyobaki sasa ni mahitaji ambayo huwezi kuyajua kwa kumtazama tu mtoto akiingia getini. Nikiitazama nyuma nusu karne hii, naona tumekuwa tukimhamisha mtoto kutoka mahali hadi mahali, kila mara karibu zaidi na darasa la kawaida, na kila mara tukiiacha shule yenyewe kama tulivyoikuta. Hiyo ndiyo hoja yangu, na najua ina wapinzani wenye sababu nzito.

Walioanza kufundisha watoto wenye ulemavu walikuwa makanisa. Waanglikana walifungua shule ya wasioona Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Wakatoliki wakafungua shule ya viziwi Tabora mwaka 1963, na Jeshi la Wokovu likaanzisha jijini Dar es Salaam shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo mwaka 1967. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka shule ijenge usawa na ushirikiano badala ya kila mtu kujitafutia ya kwake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote, na mwaka 1977 ukawa mwaka wa UPE, yaani mpango wa kutekeleza azma hiyo: madarasa chini ya miembe, walimu wa muda mfupi, zamu mbili kwa siku. Sisemi kulikuwa na unafiki. Taifa lilikuwa changa, lina haraka, na lilihesabu waliokuwa mbele ya macho yake. Lakini neno "wote" lilitamkwa wakati watoto hawa wameachiwa wamisionari, na hilo liliifundisha shule ya kawaida somo baya ambalo mpaka leo haijalisahau: kwamba mtoto wa namna hiyo ana shule yake, mahali fulani, mbali, na mwalimu wake aliyesomea kazi hiyo. Shule hizo za mbali, tuzipe haki yao, zilijua jambo ambalo shule nyingi za kawaida hazijalijua hata sasa, yaani kwamba kufundisha ni ufundi wa kutafuta njia ya kumfikia mtoto. Nukta nundu husomwa kwa vidole, na mwalimu asiyeijua hana namna ya kusahihisha daftari. Gharama yake ilikuwa kumtoa mtoto wa miaka saba nyumbani na kumrudisha likizo tu, akiwa mgeni kwa ndugu zake.

Kisha vikaja vitengo. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 1981 kuwa wa watu wenye ulemavu, na mwaka uliofuata madarasa ya watoto wenye ulemavu wa akili yakaanza ndani ya shule za serikali. Mwaka 1993 Shule ya Msingi Msimbazi Mseto ikawa na darasa la watoto wenye usonji, na Uhuru Mchanganyiko ikaanza kufundisha watoto wenye uziwi-kutoona mwaka 1994. Hatua hizi zilikuwa kubwa kuliko tunavyozikumbuka. Mzazi wa Dar es Salaam aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, ambaye jana aliambiwa mtoto wake amelogwa au amelelewa vibaya, sasa aliweza kumpeleka shule asubuhi na kumchukua mchana kama mzazi mwingine yeyote. Mtoto akavaa sare ileile, akasimama mstarini, akaimba wimbo wa taifa na wenzake. Halafu kengele ikagongwa, wao wakaenda madarasani na yeye akaenda kwenye chumba cha mwisho, nyuma ya ofisi au karibu na jiko. Tatizo la kitengo halikuwa chumba. Tatizo lilikuwa kwamba walimu wengine wote walipata ruhusa ya kutomjua. Akilia, aitwe mwalimu wa kitengo. Akitoroka, aulizwe mwalimu wa kitengo. Mwalimu huyo akiugua, watoto wanabaki nyumbani. Shule ikajivunia kitengo chake mbele ya wageni, na mwaka mzima ikaendesha andalio la somo, mitihani na adhabu zake kana kwamba hakipo.

Mwaka huohuo wa 1994, kule Salamanca, Hispania, nchi nyingi zilikubaliana kwamba shule ya kawaida ndiyo ibadilike imfae mtoto, na tangu hapo lugha ya serikali yetu imekuwa ya elimu jumuishi. Ada ilifutwa chini ya MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi ulioanza mwaka 2002, na madarasa yakafurika. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatoa mkakati wa kwanza wa elimu jumuishi mwaka huohuo, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Inafaa isomwe na kila mjumbe wa kamati ya shule. Inasema mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, ya umma au binafsi, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu, tena apewe huduma za kumsaidia kujifunza kutoka kwa mwalimu mwenye sifa au aliyepangiwa kazi hiyo. Sehemu ya kwanza ya agizo hilo tumeitangaza sana. Ya pili tumeinong'ona. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya watu wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani, ilhali takwimu za elimu za miaka ya 2010 zilionyesha wanafunzi wenye ulemavu hawafiki asilimia 1 ya wanafunzi wote wa shule za msingi. (Tarakimu hizi mbili hazitolewi moja kwa nyingine, maana katika ile ya sensa wamo wazee ambao macho yamefifia kwa umri. Lakini igawe kwa mbili, kisha igawe tena kwa mbili, bado pengo lipo.) Wasioonekana katika takwimu za shule wako wapi? Baadhi wako nyumbani. Wengine, na hawa ndio wanaonisumbua zaidi, wako darasani lakini hawajatambuliwa: msichana asiyesikia vizuri ameandikwa kuwa mzito, mvulana asiyeona mbali ameitwa mvivu kwa kuwa hanakili kazi ya ubaoni. Mtoto kama huyo huweza kuishia kuchapwa. Kanuni za adhabu shuleni zinasema viboko visizidi vinne na vitolewe na mwalimu mkuu au kwa idhini yake, lakini kanuni hizo hazimwulizi anayechapa kama amehakikisha mtoto alisikia alichoagizwa.

Historia ya watoto wenye ualbino inatuonya tusidhani mwendo ni wa mbele tu. Mahitaji yao ya darasani ni ya bei nafuu kuliko karibu mengine yote: kiti cha mbele, maandishi makubwa, kofia, mikono mirefu, na ruhusa ya kukaa kivulini wakati wa michezo. Hakuna shule inayoweza kusema haimudu hayo. Lakini mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotikisa nchi kuanzia mwaka 2006 hivi yaliwaondoa watoto wengi vijijini na kuwapeleka katika shule zenye mabweni na ulinzi, kama Buhangija mkoani Shinyanga na Mitindo mkoani Mwanza. Uamuzi uliokoa maisha, na aliyekuwa mbali na hatari hiyo hana haki ya kuubeza. Hata hivyo baadhi ya wazazi waliacha kwenda kuwatazama, na watoto ambao wangeweza kusoma shule ya kijiji kwa kusogezewa kiti wakalelewa nyuma ya ukuta. Shule peke yake haiwezi kuwa na maadili ambayo kijiji hakina.

Sasa wapinzani. Wa kwanza ni mwalimu mwenye watoto 90 katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya 45, naye ananiambia nimpe msaada kabla sijampa mahubiri. Ana haki. Lakini tafiti za asasi ya Uwezo kuhusu kujifunza kwa watoto, zilizoanza mwaka 2010, zilikuta wengi wa wanafunzi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili, na hao si watoto wenye ulemavu kwa hesabu za mtu yeyote. Mwalimu anayesoma kwa sauti kila anachokiandika ubaoni anamsaidia asiyeona vizuri na pia yule ambaye bado herufi zinamchanganya. Anayegeuka kuwatazama watoto anapozungumza anamsaidia asiyesikia vizuri na pia aliye dawati la nyuma kabisa. Mbinu hizi haziongezi idadi ya watoto wake wala saa zake za kazi. Ninachokubali ni kwamba zina mpaka. Hakuna ukarimu utakaomfundisha mtoto nukta nundu bila mwalimu aliyeisomea, na kitabu kimoja cha kiada kikiwekwa katika nukta nundu hugeuka juzuu kadhaa. Hapo ndipo fedha zinapoingia. Ruzuku ya shule ya msingi imekuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 6,000 hupelekwa shuleni na zilizobaki hutumika kununulia vitabu. Mashine moja ya Perkins ya kuandikia nukta nundu inauzwa kwa mamia ya dola. Ingemeza ruzuku ya mwaka ya watoto zaidi ya 100. Kugawa sawasawa kwa watu wenye mahitaji tofauti ni dhuluma yenye sura ya haki.

Mpinzani wa pili namheshimu zaidi, maana mara nyingi ni kiziwi mwenyewe. Anasema elimu jumuishi imemtenga kuliko shule maalumu ilivyowahi kumtenga. Watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, hivyo Lugha ya Alama ya Tanzania hukutana nayo shuleni, kwa wenzao na kwa walimu wanaoimudu. Mtoto kiziwi akiwa peke yake kati ya watoto 80 wanaosikia, hata awekwe kiti cha mbele, amewekwa katika ukimya. Namkubalia yote, na sheria yenyewe imemwachia nafasi kwa kutaja mawasiliano maalumu. Lakini hilo haliibomoi hoja yangu, linaithibitisha. Sikusema watoto wote wahamishiwe darasa la kawaida. Nimesema kuhama peke yake si kitu. Shule ya Tabora ambayo mwalimu na mwanafunzi wanaelewana imejumuisha kuliko shule ya kawaida yenye bango la elimu jumuishi na mtoto kiziwi anayenakili asichokielewa. Kuhusu mpinzani wa tatu, mzazi anayehofia kuwa mwanawe mwenye akili atacheleweshwa na wenzake, sina mengi ya kumwambia: kinachomchelewesha mwanawe ni kukosa vitabu na walimu, na hilo halikuletwa na mtoto mwenye fimbo nyeupe.

Iko sababu nyingine ya shule kutobadilika, nayo haisemwi vikaoni. Kwa miaka mingi shule ya msingi imepimwa kwa wastani wa matokeo ya darasa la saba, na mwalimu mkuu anayeogopa kushuka katika orodha ya wilaya ana kila sababu ya kumshauri mzazi, kwa upole kabisa, atafute "shule inayomfaa mtoto". Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza kuacha kutaja shule bora na wanafunzi bora kitaifa, uamuzi ulionipendeza ingawa mashindano ya wilayani hayajaisha kwa hilo. Na hapa kuna kinaya kimoja. Baraza hilohilo huandaa karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa, na huongeza muda kwa watahiniwa wanaohitaji. Maana yake, katika shule nyingi mtoto husubiri miaka saba apate kwa siku mbili za mtihani kile alichostahili tangu darasa la kwanza.

Serikali ianze na ruzuku: imwekee mtoto mwenye mahitaji maalumu kiwango chake, kimfuate shule yoyote anayosoma, na wathibiti ubora waulize kimetumikaje kabla hawajauliza wastani wa ufaulu. Kamati za shule hazina haja ya kusubiri hilo. Januari, watoto wakishaandikishwa, ombeni majina ya wote waliopimwa macho na masikio, na mkiambiwa hakuna aliyepimwa, mwiteni mganga wa zahanati ya kijiji afike shuleni kabla ya mwezi kuisha.