Mkono Niliokataa Kuushika

Nilipokuwa mtoto, kwetu Kimbiji, mjomba wangu alikuwa mvuvi wa mshipi. Asubuhi moja alirudi kutoka baharini akicheka, changu wawili mkononi, nasi tukaona damu ikimchuruzika. Mshipi ulikuwa umemkata kidole karibu kufika mfupani, naye hana habari. Siku chache baadaye aliipua sufuria mafigani kwa mikono mitupu; harufu ya ngozi inayoungua tuliisikia sisi kabla yake.

Ikajulikana kuwa ni ukoma. Tangu siku hiyo kikombe chake kikatengwa. Siku ya Idi alininyoshea mkono. Nikauficha wangu nyuma ya kanzu. Hakusema neno.

Ndugu msomaji, ukubwani nilisoma jambo lililonitia haya. Mshipa wa fahamu hausimami peke yake. Ni kama mtambuu: ukikosa mti wa kuparamia, haustawi. Kandokando ya nyuzi za mshipa Mwenyezi Mungu ameweka utando mwembamba sana, na ndani yake mna protini iitwayo laminini, ambayo wataalamu waliieleza mwaka 1979. Seli hujishikiza hapo. Mshipa ukikatika, uzi mpya hutambaa juu ya utando huo polepole, kiasi cha milimita moja kwa siku.

Kijidudu cha ukoma kilitambuliwa na Hansen wa Norway mwaka 1873. Lakini ni mwaka 1997 ndipo wataalamu walipoonyesha kuwa hujinata kwenye laminini hiyo hiyo, na kwa njia hiyo huzifikia seli zinazoviringa nyuzi za mshipa. Basi pale penye kushikamana ndipo adui alipopata mlango. Mshipa ukiharibika, ganzi huingia. Na vidole huharibika kwa majeraha ambayo mwenyewe hayasikii.

Dawa za mchanganyiko zilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981. Humezwa miezi 6 au 12, bila malipo, na anayezitumia haambukizi tena.

Mjomba alitibiwa, ukoma ukaisha, ganzi ikabaki, kwa kuwa alichelewa. Doa lilikuwa begani miaka mingi. Alilificha kwa kutuogopa sisi jamaa zake, ambao tulipaswa kuwa mti wake wa kuparamia.

Ukiona doa lisilosikia likiguswa, wahi zahanati. Na mwenye ukoma akikunyoshea mkono, upokee. Mimi wangu niliuficha, na mjomba hayupo tena nimwombe radhi.