Neno "Lenga" na Neno "Vyote"

Mchezo wa karata uitwao Magic: The Gathering ulitolewa Marekani mwaka 1993, nao ulibuniwa na Richard Garfield, mtaalamu wa hisabati. Mpwa wetu alitufundisha kuucheza wakati wa likizo, nasi tukashindwa kwa sababu ya neno moja.

Tulikuwa na kiumbe chenye kinga iitwayo hexproof, yaani mpinzani hawezi kukilenga kwa uchawi wala kwa uwezo wa karata zake. Tukajiona tumesalimika. Mpwa akaweka mezani karata iitwayo Wrath of God, iamuruyo viumbe vyote viangamizwe, na chetu kikaenda pamoja na vingine. Tulipolalamika alijibu, "Mjomba, karata hii haikukilenga. Imesema vyote." Alikuwa na haki. Katika mchezo huo, aghalabu hapana kulenga isipokuwa neno lenyewe limeandikwa, hata kama pigo ni lile lile.

Usiku ule tulimkumbuka mtoto wa darasa la tatu, mwenye kigugumizi, tuliyemfundisha muhula uliopita. Tulikuwa tumemwahidi, "Hatutakuchagua usome mbele ya wenzako." Juma halikwisha, tukaliambia darasa, "Kila mmoja asome sentensi moja." Zamu ilipomfikia alisimama, neno la kwanza likamkwama, wenzake wakacheka. Ahadi yetu haikuvunjwa hata herufi moja, maana hatukumchagua. Siku mbili zilizofuata hakuonekana shuleni.

Ndugu mwanachuo, ipo kinga nyingine katika karata hizo, iitwayo shroud. Hiyo humzuia hata mwenye kiumbe asikilenge kwa karata ya kukisaidia. (Wachezaji wengi huipenda hexproof zaidi, na si ajabu.) Baada ya aibu ile, sisi tulimvika mtoto shroud pasipo kujua: hatukumwita kwa jambo lolote, hata kwa hesabu, alizoziweza kuliko wengi. Tulidhani tunamhurumia.

Muhula ulipofunguliwa tulimwita kando, tukampa ahadi mpya: "Hutasoma kwa sauti mpaka utuambie u tayari, hata darasa zima likisoma kwa zamu. Lakini hesabu tutakuita ubaoni."

Akafikiri kidogo, kisha akauliza kama huko ubaoni atatakiwa kueleza jibu lake. Hatukuwa tumelifikiria hilo. Tukaongeza, "Utaandika tu."