NILIVYOKAZA CHAKI MPAKA NIKAMPONZA MZEE WA WATU

Leo umbea wa mastaa naweka pembeni, mhusika wa stori hii ni mimi mwenyewe. Majina sitaji.

Nilipomaliza form four, matokeo yakawa yale yale mnayoyajua, mjomba akanipeleka karakana moja pale Gerezani nikajifunze kukereza vyuma. Fundi mkuu alikuwa mzee mmoja mpole sana, hata ukikosea anacheka kwanza.

Sasa mashine ya kukereza ina kitu kinaitwa chaki (siyo ile ya ubaoni jamani). Ndiyo inayoshika chuma kikizunguka. Ya meno matatu ukizungusha ufunguo, meno yote yanasogea pamoja, kazi inakaa katikati yenyewe. Ya meno manne kila jino unalikaza peke yake, unapima na geji mpaka jasho likutoke.

Jumatatu moja nilifunga nondo ya milimita 25, nikaiacha ijitokeze karibu milimita 150 bila kuweka senta nyuma. Mzee alishanifundisha, ikizidi kama mara tatu ya unene wake iwekee senta. Nikajifanya mjuaji. Kisu kilipogusa tu, nondo ikapinda, ikachomoka, ikapita karibu na sikio langu. Aisee, usiku ule sikulala.

Basi uoga ule ndio ulioniponza. Jumatano akaja mama mmoja, mashine yake ya kusaga imekufa bushi. Bushi ya bronzi, tundu milimita 50, ukuta milimita 3 tu. Mzee katoka kidogo, mimi nikachukua bomba nikalivika kwenye ufunguo wa chaki nikakaza kwa nguvu zangu zote. Nikachonga tundu, likatoka safi, duara kabisa.

Nikafungua. Vernia inasoma karibu sawa kila upande, lakini shafti imegoma kuingia!

Mzee aliporudi hakusema kitu. Alichukua kikombe cha plastiki, akakibana kwa vidole vitatu. "Umeona? Umechonga duara ndani ya kitu kilichobanwa. Ukikiachia kinarudi kilivyokuwa, tundu linabaki na kona tatu. Na vernia haizioni hizo, inagusa sehemu mbili tu." Kisha akaniuliza, "Mwanangu, ulitumia bomba?"

Nikasema, "Hapana mzee, mkono tu."

Akaniamini. Akaenda kumwambia tajiri kwamba meno ya chaki yamechoka. Tajiri akakagua, hakuona ubovu, akamkata mzee hela ya bronzi kwenye mshahara wake. Mimi nipo pembeni nafagia vumbi la chuma, kimya.

Bushi ya pili aliikereza mwenyewe. Aliivalisha kwanza ringi nene iliyopasuliwa upande mmoja, ili meno yabane ringi na ringi ibane bushi mzunguko mzima. Kabla ya kisu cha mwisho akalegeza chaki, akakaza tena kidogo tu. Shafti ikaingia kwa kusukuma na kidole gumba. Mama wa watu akaondoka anacheka.

Mwezi uliofuata nikaacha kazi, nikasingizia afya.

Huu ni mwaka wa sita sasa. Namba yake ninayo, na juzi nimesikia bado yupo pale pale. Wadau, mngekuwa nyie mngempigia, au mngeenda mkamwambie usoni?